Mutumbula: Mshambuliaji Aliyeombolezwa Angali Hai

Mhadhara uliotolewa Aveba mbele ya wazee, walimu na vijana wa usultani wa Walendu-Bindi

  

Wazee wangu, najua wengine mlitarajia niseme habari ya mashamba au ya shule. Nimechagua mpira. Naomba mnivumilie, kwa kuwa nitakayoyasema yanahusu kazi ya mtu, mwili wake, na deni ambalo watu wengi huwa nalo kwa mtu mmoja. Kusudi langu ni kueleza maisha ya Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa nchi yetu, enzi zake ikiitwa Zaire, ambaye hakuna Mwafrika mwingine aliyefunga kama yeye katika Kombe la Afrika moja. Na neno ninalotaka kulithibitisha mbele yenu ni hili: mtu huyu alipewa zawadi mahali alipostahili kupewa haki, na karibu mabaya yote yaliyomkuta baadaye yalipitia pengo hilo. Nina hoja nne.

Hoja ya kwanza: magoli yale yalikuwa kazi

Ndaye alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 huko Luluabourg, mji ambao leo tunauita Kananga. Jina lake la ubatizo lilikuwa Pierre; likaachwa wakati serikali ilipotaka kila mtu ajiite kwa majina ya mababu. Alichezea Renaissance du Kasaï, akaenda Bantous ya Mbuji-Mayi, kisha akaitwa Kinshasa kuichezea Vita Club, timu iliyoanzishwa mwaka 1935. Mwaka 1973 Vita ilifika fainali ya vilabu bingwa vya Afrika. Ilifungwa 4 kwa 2 Kumasi na Asante Kotoko, ikarudi nyumbani ikashinda 3 kwa 0, kombe likabaki Kinshasa.

Watu walimbandika jina la Mutumbula. Wazee mnalijua jina hilo na mnajua lilivyotutisha utotoni: mutumbula ni yule mnyakuzi wa usiku, ambaye watu wa pwani humwita mumiani. Unamtazama mbele yako, mara hayupo, na kitu chako kimekwenda. Mabeki walipomwita hivyo hawakuwa wakitia chumvi.

Sasa njooni tufike Misri, kwenye Kombe la Afrika la Machi 1974. Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa na redio, na betri zake alikuwa akizianika juani mchana kutwa ili usiku zipate nguvu kidogo. Sauti ilikuwa inakuja na kuondoka kama mtu anayesemea ng'ambo ya mto. Timu zilikuwa 8. Mchezo wa kwanza tuliifunga Guinea 2 kwa 1, na magoli yote mawili yalikuwa ya Ndaye. Wa pili tulifungwa 2 kwa 1 na ndugu zetu wa Brazzaville. Wa tatu tuliifunga Morisi 4 kwa 1, yeye akiwa na goli moja. Hapo ana matatu.

Nusu fainali tulikutana na wenyeji, Misri, jijini Cairo, mbele ya watu wao. Misri walitangulia kwa magoli 2. Baba alizima redio. Ndiyo, aliizima, akasema betri zisiharibike kwa ajili ya mchezo uliokufa. Alipoiwasha tena tulikuwa tunaongoza 3 kwa 2, na mawili kati ya yale matatu alikuwa ameyafunga Ndaye. Mpaka baba anafariki hatukuacha kumkumbusha siku ile.

Fainali ilikuwa tarehe 12 Machi, na Zambia. Dakika 90 zilikwisha 1 kwa 1, goli letu likiwa la Ndaye. Wakaongezewa muda. Zimebaki dakika chache akafunga la pili. Kombe likawa limeshaingia mkononi, na dakika ya mwisho kabisa Zambia wakasawazisha. Vijana, siku hizi mngengoja penalti. Wakati ule haikuwa hivyo: mchezo ulirudiwa wote, tangu mwanzo, siku mbili baadaye. Ninyi mnaocheza pale uwanjani mnajua miguu inavyokuwa siku ya pili baada ya kukimbia dakika 120. Hata kuchuchumaa ni shida. Tarehe 14 Machi wakaingia tena, mbele ya watazamaji wachache safari hii. Tulishinda 2 kwa 0. Yote mawili ya Ndaye.

Hesabuni pamoja nami: mawili, moja, mawili, mawili, mawili. Magoli 9 katika mashindano mamoja. Kabla yake Laurent Pokou wa Ivory Coast alikuwa amefunga 8 mwaka 1970. Baada yake wamepita akina Eto'o na Drogba, mashindano yamepanuliwa kutoka timu 8 hadi 24, michezo imeongezeka, na hakuna aliyefikia 9. Na tazameni yalivyopangika: 6 kati ya hayo 9 aliyafunga kuanzia nusu fainali, mwili ulipokuwa umechoka na wapinzani wakimjua. Watu husema mfungaji ana bahati, mpira humfuata. Bahati haimfuati mtu mara sita ndani ya siku chache, na mabeki wawili wamemshika jezi. Huo ni ufundi uliofanyiwa mazoezi kwa miaka tangu Kasai. Ni kazi kama ya fundi seremala au mwalimu, na kazi ina ujira wake.

Hoja ya pili: mshahara mtu huudai, zawadi huishukuru

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzito.

Zamani wachezaji wetu walikuwa wakienda Ulaya na kupata mikataba. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954. Paul Bonga Bonga alicheza Standard Liège, na Julien Kialunda akacheza Anderlecht. Katikati ya miaka ya 1960 Rais Mobutu aliwaita warudi walioko Ubelgiji, kisha mlango ukafungwa: mchezaji wa taifa hakuruhusiwa kwenda kuuza ufundi wake nje. Kuna faida iliyopatikana, sikatai. Mwaka 1968 tulichukua Kombe la Afrika kule Ethiopia, na Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni Mazembe, ikachukua ubingwa wa vilabu mara mbili mfululizo. Vipaji vyote vilikuwa chini ya paa moja. Lakini aliyefungiwa mlango ndiye aliyelipia faida hiyo. Miaka ya mshambuliaji ni michache, pengine kumi. Ndaye alikuwa na miaka 25 aliporudi kutoka Cairo na magoli 9. Ndiyo miaka ambayo miguu ya mtu ina bei, na hakuwa na soko la kuipeleka.

Badala yake alipewa. Wachezaji wa mwaka 1974 walipokewa kama wafalme, wakapewa nyumba na magari kwa mkono wa rais. Nyumba si kitu kidogo, na mimi siidharau. Ninachouliza ni hiki: ilitolewa kwa hati gani? Mama anayelima shamba la mtu kwa kibarua, jioni anasimama mlangoni na kusema, nipe changu. Hakuna atakayemwona hana adabu. Lakini mtu aliyepewa mbuzi na mkubwa hawezi kurudi mwakani kuuliza mbuzi wa pili yuko wapi. Anachoweza ni kupiga makofi. Mpaji akikasirika, zawadi inakoma. Akianguka, zawadi haina wa kuitetea. Ndaye na wenzake walifanya kazi ya vibarua wakalipwa kwa utaratibu wa wapiga makofi.

Ushahidi ulikuja upesi, baada ya miezi mitatu tu. Juni 1974 Zaire ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Tarehe 14 ilifungwa na Scotland 2 kwa 0, na wengi waliotazama walisema vijana walicheza vizuri. Mwepu Ilunga, beki wa timu ile, alieleza miaka mingi baadaye kwamba baada ya mchezo huo waligundua fedha walizoahidiwa hazipo, na kwamba walitaka hata kukataa kuingia uwanjani. Tarehe 18 waliingia kucheza na Yugoslavia. Mnalijua lililotokea: 9 kwa 0.

Katika mchezo huo Ndaye alitolewa kwa kadi nyekundu zikiwa zimepita dakika kama ishirini na kitu. Kosa halikuwa lake. Katika msukumano, Mwepu alimpiga teke mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia. Mwepu alivaa namba 2. Ndaye alivaa namba 13, na mwamuzi akamtoa namba 13. Mfungaji bora wa Afrika akaondolewa katika Kombe la Dunia kwa teke la mtu mwingine, na mchezo wa Brazil, tuliofungwa 3 kwa 0, hakuucheza. Nimeona watu wakicheka kisa hiki. Mimi sijaweza kukicheka. Mtu anatoa mwaka mzima wa maisha yake, anafika mahali ambapo ulimwengu wote unamtazama, na aliyeshika filimbi hamtofautishi na mwenzake.

Kwa kushindwa kule, wale waliokuwa wafalme mwezi Machi walirudi kimya kimya. Hakuna mkataba uliowalinda, kwa sababu haukuwapo. Mpaji alikuwa amekasirika.

Hoja ya tatu: mtu mwenye meza yake anaweza kukataa

Niwapeleke mbali kidogo, Vienna, mji mkuu wa Austria, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwako mshambuliaji jina lake Matthias Sindelar. Alizaliwa mwaka 1903 katika kijiji cha Moravia, akakulia Favoriten, mtaa wa wafyatua matofali. Baba yake aliuawa katika Vita vya Kwanza. Alikuwa mwembamba mno, wakamwita mtu wa karatasi, kwa jinsi alivyopenya kati ya mabeki kana kwamba upepo unambeba. Mei 1931 timu yake ya taifa iliifunga Scotland 5 kwa 0, na kwa miaka kadhaa watu waliiita timu ya ajabu. Mwaka 1934 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia ikafungwa na Italia 1 kwa 0.

Kwa nini namleta Sindelar hapa Aveba? Kwa sababu Vienna ilikuwa imeanza ligi ya kulipwa tangu mwaka 1924, ya kwanza katika bara la Ulaya nje ya Uingereza. Mtoto yule wa wafyatua matofali alikuwa akila kwa mpira wake, kwa mkataba. Machi 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Tarehe 3 Aprili ulichezwa mchezo wa kuagana kati ya timu mbili, Sindelar akafunga, Waaustria wakashinda 2 kwa 0. Kisha akatakiwa aichezee Ujerumani. Akasema umri umekwenda, goti linauma. Hakuivaa jezi ile hata mara moja.

Sitaki kumfanya malaika. Mwaka huohuo alinunua mkahawa ambao mmiliki wake, Myahudi, alikuwa amelazimishwa kuuachia, na hilo ni doa ambalo wanahistoria wa Austria wamelijadili sana. Lakini kwa habari ya mpira, alikuwa na mahali pa kusimama akikataa. Riziki yake ya mpira haikuwa imetoka mkononi mwa yule aliyemtaka. Tarehe 23 Januari 1939 alikutwa amekufa chumbani kwa moshi wa sumu, na mpenzi wake aliyekuwa naye akafa pia. Maelfu walimzika, na kaburi lake katika makaburi makuu ya Vienna linatunzwa na mji.

Ndaye hakuweza kukataa kitu. Angekataa kwa kusimama wapi? Nyumba ya rais, gari la rais, mlango wa mpaka uliofungwa na rais.

Hoja ya nne: zawadi bila ulinzi humwita mwizi

Mwaka 1994 Kombe la Afrika lilichezwa Tunisia, na Ndaye akaalikwa aheshimiwe kwa magoli yake 9, miaka 20 ikiwa imepita. Aliporudi Zaire, watu wenye silaha walimvamia. Waliamini kwamba nyota wa zamani aliyetoka kuheshimiwa lazima ana mali ndani. Walimpiga risasi mguuni.

Walimpiga mguuni, ndugu zangu. Mguu ule.

Alikaa miezi mingi akijiuguza. Nchi ikaingia vitani, mtoto wake wa kiume akauawa, na mwaka 1996 Ndaye akakimbilia Afrika Kusini, mkimbizi kama wakimbizi wengine. Alianzia Johannesburg, akaishia katika vitongoji vya Cape Town. Hapa Aveba sina haja ya kueleza ukimbizi ni nini. Karibu kila aliyeketi hapa amewahi kufunga mzigo usiku. Aliishi bila kazi ya kueleweka, akanywa sana, na majirani hawakujua huyu mzee anayechechemea ni nani.

Mwaka 1998 Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso. Uwanja mzima ulisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea Ndaye Mulamba. Habari zilikuwa zimefika kwamba amekufa katika mgodi wa almasi Angola. Wakati huo yeye alikuwa Cape Town, anapumua.

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Wale waliosimama walimpenda, sina shaka. Huwezi kumnyamazia mtu usiyemjali. Ila upendo wao haukuwa na anwani. Hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kumlipa kitu kila mwezi, kwa hiyo hakuna ofisi iliyojua anaishi wapi. Mtu anayelipwa pensheni hawezi kufa kwa uvumi, kwa sababu mwisho wa mwezi karani atamwita jina na yeye ataitika. Ndaye hakuwa katika orodha ya karani yeyote. Kwetu sisi tunaotunza wafu kwa heshima, tunaojua nani alilala wapi hata baada ya vita, kulia msiba wa mtu aliye hai ni jambo zito, na lilifanyika mbele ya Afrika yote.

Baadaye hali ilitulia kidogo. Alimwoa mwanamke wa kulekule, akawa anafundisha timu ndogo za mtaani, na filamu ikatengenezwa juu ya maisha yake. Kombe la Dunia la 2010 lilipofika Afrika Kusini, watu wakagundua kwamba mfungaji wa Cairo anaishi kati yao. Miaka ya mwisho alikuwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Mbele yetu

Mtaniuliza, mwalimu, sisi wa Aveba tuna nini na haya? Hatuna ligi ya kulipwa. Uwanja wetu una mteremko, na upande wa goli la chini mbuzi ndio wenye nyumba.

Nitajibu kwa jambo nililoliona mwenyewe. Miaka iliyopita, katika kijiji kimoja cha usultani huu, nilimfahamu kijana mshambuliaji ambaye watu walitembea saa tatu kwa miguu kuja kumtazama. Siku ya fainali goti lake lilivunjika akiwa amevaa jezi ya watu waliomwita mwanetu. Walimbeba mabegani mpaka kwao, wakaimba, wakamwachia kuku wawili. Matibabu hayakuwa ya mtu. Mama yake aliuza shamba. Yule kijana alipopona nusu, mpira hakuuweza tena, jembe hakuliweza, na katika miaka ile hapa petu mtu kama huyo alikuwa na mahali pamoja tu pa kupokewa, nanyi mnajua ni porini, kwa wapiganaji. Sikumwona tena.

Tangu makubaliano ya amani ya Gety ya Februari 2020 vijana wengi wamerudi nyumbani, na nawaona jioni wakicheza. Kwa ajili yao napendekeza, si kombe jipya wala jezi mpya, bali daftari. Lisiwe la kiongozi wa timu peke yake. Likae shuleni, na nakala yake parokiani. Kila mchezaji aandikwe jina lake kamili, la kijiji chake na la mzazi wake. Kabla ya mashindano kuandikwe kiasi gani cha mchango wa kiingilio ni cha wachezaji, na kiasi gani kinawekwa kando kwa aliyeumia. Akiumia mtu, iandikwe tarehe, kiungo, na nani aliyelipa zahanati. Hata faranga zikiwa chache ziandikwe, ili mtu asimame mlangoni aseme, nipe changu, na daftari limsemee.

Wasichana pia. Naona mmeanza timu yenu, na nimewaona mkicheza kwa mpira ulioshonwa mara tatu. Ukurasa wenu ni sawa na wa kaka zenu, kwa kiasi kilekile.

Daftari nimelinunua Bunia wiki jana, la kurasa 200, jalada gumu. Jumapili ijayo baada ya ibada nitaketi nalo chini ya ule mti ulio kando ya uwanja, na viongozi wa timu zote nne wamekubali kuja. Wazee, kwenu nina ombi la pekee. Walikuwako wachezaji hapa kabla ya vita, na karatasi zao ziliungua pamoja na nyumba. Majina yao yamo vichwani mwenu. Aliye na jina, aje nalo, hata kama mwenyewe alishazikwa au hatujui aliko. Kurasa kumi za mwanzo nimeziacha wazi kwa ajili yao.